Hadithi za Mapenzi za Mabwana na Mabibi wa Uingereza

Mara nyingi wanafunzi wetu hutuuliza kwa nini hadithi za mapenzi ya mabwana na mabibi wa Uingereza wa zamani zapendwa hata leo, tena na watu wasiopata kuona gari la farasi. Swali hilo si dogo.

Zamani zenyewe zilikuwa fupi. Mfalme George wa Tatu alishikwa na maradhi ya akili, na mwaka 1811 mwanawe akawekwa kutawala badala yake, mpaka mfalme alipokufa mwaka 1820. Mjini London palikuwa na jumba liitwalo Almack's, ambamo watu wakubwa walicheza dansi. Tajiri hakuweza kuingia kwa fedha zake tu. Sharti mabibi wachache waliolisimamia jumba hilo wamkubali kwanza.

Lakini msomaji asidhani kuwa utamu wa hadithi hizi ni hariri na taa. Msichana wa watu wale hakuwa na kazi ya kumlisha, ila labda kufundisha watoto nyumbani mwa wengine. Akiolewa, mali yake kwa kawaida iliingia mikononi mwa mumewe. Sheria hiyo ilianza kubadilishwa mwaka 1870 tu. Talaka ya kumwezesha mtu kuoa au kuolewa tena ilihitaji sheria ya Bunge lenyewe. Wala si kama mahari tuijuavyo sisi: kule baba wa bibi arusi ndiye aliyetoa fedha, na asiye na fedha hakuposwa upesi. Basi msichana alichagua maisha yake yote kwa kumjua mtu katika dansi chache na mazungumzo machache, mbele ya macho ya watu. Ndiyo sababu katika vitabu hivi neno moja au mtazamo mmoja huwa mzito kama jiwe.

Tutazame kitabu cha Jane Austen kiitwacho Pride and Prejudice, kilichotolewa mwaka 1813. Bwana Bennet ana binti watano, wala hana mwana wa kiume. Akifa, nyumba na shamba vitamwendea jamaa yake, Kasisi Collins. Collins amposa Elizabeth, binti wa pili. Akikubali, mama na ndugu zake hawatafukuzwa nyumbani. Elizabeth akataa, kwa kuwa hampendi wala hawezi kumheshimu. Baadaye amkataa hata Bwana Darcy, mwenye pato la pauni 10,000 kwa mwaka, kwa kuwa amemposa kwa majivuno. Hamkubali mpaka amjue vema.

Waandishi wengi wamefuata njia hiyo, kama Georgette Heyer katika mwaka 1935, na Julia Quinn, ambaye hadithi zake za Bridgerton zilitiwa katika televisheni mwaka 2020. Wenye vyeo vikubwa kabisa walikuwa wachache Uingereza, lakini katika vitabu vya siku hizi wamejaa kama kumbikumbi.

Sisi twampenda zaidi Austen, kwa kuwa hafichi upande wa pili. Charlotte, rafiki wa Elizabeth, ana miaka 27 na hana fedha. Yeye amkubali Collins, nasi hatumlaumu. Elizabeth alipokwenda kumzuru, alishangaa kwamba rafiki yake alijichagulia chumba cha nyuma cha kukaa, hali kulikuwa na chumba kizuri zaidi. Kisha akafahamu: katika chumba kile kizuri, mumewe angekuja kuketi naye mara nyingi zaidi.