Kabla ya kununua mche wa mwanzi, uliza umri wa mama yake

Mkulima wa Kakamega anayetaka kupanda mianzi kando ya mto Isiukhu au Yala huuliza bei ya mche na soko la fito. Ni nadra aulize mwanzi huo utachanua lini, ilhali huenda jibu ndilo litakaloamua kama kichaka kitamfaa mjukuu wake au kitamkaukia mbele ya macho.

Mwanzi ni nyasi, jamaa ya mahindi na miwa. Ua lake halina petali za kupendeza, kwani chavua yake hubebwa hasa na upepo. Hutokeza katika kishuke, likiwa limefumbatwa na makapi mawili. Aina nyingi zina vijigamba vitatu ndani, ambavyo hufura kwa maji na kuyasukuma makapi yapanuke. Hapo vifuko vya chavua huning'inia nje: mwanzi wa milimani una vitatu, na Bambusa vulgaris uliozoeleka bustanini una sita. Ovari ina ncha zenye vinyoya vya kunasa chavua, na ikitungishwa hutoa punje moja.

Mwanzi wetu wa asili, yaani huo wa milimani, Oldeania alpina, humea Mlima Elgon, Mau, Aberdare na Mlima Kenya, kuanzia mita 2,400 hivi. Machipukizi yake ndiyo malewa, chakula cha Wagisu wa Uganda. Msitu wa Kakamega uko kati ya mita 1,500 na 1,700, kwa hiyo mianzi ya mashambani huku imepandwa na watu, mara nyingi kwa vipandikizi.

Hapo ndipo penye mtego. Aina nyingi za mianzi huchanua mara moja tu, huzaa, kisha hufa. Phyllostachys bambusoides wa Uchina na Japani hungoja miaka 120 hivi, na Melocanna baccifera takriban 48. Aina hiyo ya pili ilipochanua katika milima ya Mizo, India, mwaka 1958 na 1959, panya walizaliana kwa kula mbegu zake, kisha wakavamia mazao na kuleta njaa. Mwanabiolojia Daniel Janzen alieleza mwaka 1976 kwamba kuchanua kwa pamoja huwashibisha walaji, na mbegu zinazosalia ndizo huota.

Kipandikizi hakianzi maisha upya. Hubeba umri wa kichaka kilikokatwa. Kijiji kizima kikichukua vipandikizi vya kichaka kimoja, kimepanda mmea mmoja, na siku ukichanua hasara itakuwa ya wote.

Kwa hiyo, nunua miche kutoka vitalu tofauti. Uliza kama ilioteshwa kwa mbegu au vipandikizi, na uandike tarehe. Ukiona vishuke, usikate vipandikizi hapo tena. Vuna fito mapema, na mbegu ukizipata zioteshe upesi, kwa sababu hupoteza uhai katika miezi michache.