Kabla Mvua Haijaifikia Kanaba

Safari ya Nakivale kwenda Kisoro huanzia kwenye joto na kuishia kwenye baridi. Makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, yako katika nchi ya malisho, ya jua kali na vumbi jekundu. Mbarara iko kwenye mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Kabale inakaribia 2,000. Ukitoka Kabale, ukapita msitu wa Echuya na mianzi yake, unafika Kanaba, karibu mita 2,500, na hapo ndipo milima ya Muhabura, Mgahinga na Sabinyo inapojitokeza mbele yako, kama mawingu yatakuruhusu kuiona. Theluji ya Uganda iko Ruwenzori peke yake, na hakuna gari linalofika huko. Lakini kwenye barabara ya Kanaba ukungu, utelezi na mvua ya mawe vinatosha kumfanya dereva wa nchi tambarare ajute kutoka nyumbani.

Wakongomani wengi wa Nakivale waliiona barabara hii mara ya kwanza kupitia dirisha la basi. Mapigano yalipowaka Rutshuru, mashariki mwa Kongo, mwaka 2022, na waasi wa M23 wakauteka mji wa mpakani wa Bunagana tarehe 13 Juni, maelfu walivuka mpaka, wakapokelewa katika kituo cha Nyakabande karibu na mji wa Kisoro, kisha wakapakiwa mabasi ya kuteremka hadi Nakivale. Leo watu haohao hupanda mlima kurudi upande ule kwa sababu za maisha ya kawaida: msiba, harusi, mama aliyevuka mpaka jana na anayehitaji mtu wa kumpokea, au magunia ya viazi, ambavyo Kisoro na Kabale vinastawi kuliko popote nchini. Wanachanga pesa, wanakodi gari, wanaondoka. Nimeshaona mara nyingi jinsi mazungumzo ya safari yanavyoishia kwenye bei. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza tutakuwa wapi saa nane mchana, na kwangu hilo ndilo swali la kwanza.

Kutoka Mbarara hadi Kisoro ni kiasi cha kilomita 220, na kwa kuwa yote ni lami, mtu hudhani ni safari ya kujiendea tu. Mlimani kilomita hazikuambii kitu. Kigezi, yaani eneo hili la Kabale na Kisoro, ina misimu miwili ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba au Desemba. Katika miezi hiyo asubuhi ukungu hulala mabondeni, na mara nyingi mvua hushuka baada ya adhuhuri. Katikati ya ukungu na mvua kuna saa chache za kuona njia, na kazi yote ya kupanga safari ni kuhakikisha kwamba saa hizo zinakukuta kati ya Kabale na Kisoro. Basi ondoka Nakivale saa kumi na moja alfajiri, uwe umetoka Mbarara kabla ya saa mbili, ufike Kabale kwenye saa tano, unywe chai ya moto, upande. Saa saba au saa nane uko Kisoro. Mkichelewa kwa sababu abiria mmoja hakuamka, au dereva alisubiri kujaza viti, lalani Kabale. Pesa ya chumba inauma, najua. Lakini kushuka kona za Kanaba gizani, mvua ikipiga kioo, ni kuweka roho za watu rehani kwa ajili ya shilingi chache.

Gari lenyewe likaguliwe siku moja kabla, Mbarara, ambako mafundi na vipuri vipo. Tazama breki, wipa, taa, na matairi yote pamoja na spea. Tairi kipara linalovumilika kwenye vumbi la Isingiro halishiki lami yenye maji. Teremko refu huchemsha breki mpaka zinakataa kushika, ndiyo maana madereva wazoefu husema gia iliyokupandisha ndiyo ikushushe. Kwenye ukungu tumia taa za chini, maana taa kubwa hurudi machoni mwako. Usilipite lori kwenye mlima usioona mwisho wake: kati ya Mbarara na Kabale mnagawana njia na matrela na matangi ya mafuta yanayokwenda Rwanda kupitia mpaka wa Katuna. Na kama gari lina leseni ya abiria 14, abiria wa kumi na tano asipande, hata akiwa shemeji. Watoto wavishwe masweta tangu mwanzo, mablanketi yasifungiwe chini ya mizigo. Ndani ya gari kuwe na kamba ya kuvutia, jembe, tochi, maji ya kunywa na jiwe la kuzuia gurudumu.

Kuna hatari ambayo ukaguzi wa fundi hauiondoi. Miteremko ya Kigezi imelimwa hadi kileleni, na barabara imekatwa kwenye ubavu wa milima hiyo. Udongo ukishanyonya mvua ya siku kadhaa huwa mzito, hauna mizizi ya kuushika, na mguu wake ulishaondolewa na waliochonga njia. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua moja iliua watu zaidi ya 130 nchini Rwanda, na Kisoro nako maporomoko yakaua. Siku iliyofuata, Kalehe, Kivu Kusini, vijiji vilisombwa na zaidi ya watu 400 wakafa. Hawa ni majirani wa watu wa Nakivale, na wengine ni ndugu zao. Kwa hiyo usiku wa kabla ya safari piga simu kwa mtu aliyeko Kabale na mwingine aliyeko Kisoro, uulize imenyesha kiasi gani tangu juzi. Njiani ukiona mawe madogo yakidondoka, mti ulioinama kuelekea barabarani, au maji ya mfereji yamegeuka tope ghafla, usisimame chini ya ukuta huo kupiga picha. Rudi nyuma, mahali pa wazi, usubiri.

Mwezi huohuo wa Mei 2023 mto Katonga ulifurika, daraja la barabara ya Kampala kwenda Masaka likafungwa, na magari ya magharibi yakalazimika kuzunguka mbali. Yeyote anayepokea wageni kutoka Kampala awaambie wawe na njia ya pili, na mafuta ya kuizunguka.

Karatasi nazo ni sehemu ya safari. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kutembea ndani ya Uganda, lakini kwenye kizuizi cha polisi kitambulisho ndicho kitakachokusemea, kwa hiyo kibebe halisi, siyo picha kwenye simu. Kuhusu Bunagana, uliza hali ya mpaka asubuhi ya siku yenyewe. Na dereva anayevuka akumbuke kwamba Uganda tunapita kushoto, Kongo na Rwanda wanapita kulia. Kosa hilo hutokea hasa mtu akiwa amechoka.

Safari ya kurudi ipangwe kwa uangalifu uleule, ingawa wengi huona kazi imekwisha. Mkitoka Kisoro mnaanza kwa kupanda Kanaba, gari likiwa na viazi ambavyo halikuwa navyo wakati wa kuja. Subirini ukungu upungue, mwondoke kwenye saa tatu, na magunia yapimwe kwa nguvu ya breki.