Kompyuta Inapopanga Mji, Nani Anagawa Maharagwe?



Miji yetu inapanuka. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,116,436 katika Kaunti ya Migori na 1,131,950 katika Kaunti ya Homa Bay. Soko jipya lijengwe wapi? Takataka zitupwe wapi? Barabara ipite kwa nani? Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka kila kaunti iwe na mpango wa ardhi wa miaka 10, uliowekwa katika ramani za kompyuta. Wataalamu wanauita mwendo wa kuelekea "mji erevu", na wengi wetu tunanyamaza barazani tukidhani ni mambo ya wasomi. Sivyo. Tuelezane.

Kompyuta hufanya kazi mbili. Ya kwanza ni kupanga ramani juu ya ramani, kama karatasi nyembamba zinazopitisha mwanga: hii ya mito, ile ya barabara, nyingine ya nyumba na mahali panapofurika. Zikiangaliwa pamoja, mahali panapofaa panaonekana.

Kazi ya pili ni kupima. Hapa wenzetu wa vikundi wataelewa upesi, maana sisi hupima vivyo hivyo kwa maharagwe tukichagua mradi. Tuseme kuna viwanja viwili vya kutupa takataka. Cha kwanza kiko karibu na mji, lakini pia kando ya mto. Kwa unafuu wa gharama kinapata alama 5, kwa usalama wa maji 1. Cha pili kiko mbali: gharama 2, maji 5.

Sasa tuna maharagwe 10 ya kuonyesha ni jambo gani lina uzito zaidi. Tukiweka 7 kwenye gharama na 3 kwenye maji, tunazidisha na kujumlisha: kiwanja cha kwanza kinapata 38, cha pili 29. Basi takataka zinaenda mtoni. Tukiweka 4 kwenye gharama na 6 kwenye maji, cha kwanza kinapata 26, cha pili 38. Viwanja ni vile vile, na hesabu ni sahihi mara zote mbili. Kilichobadilika ni mkono uliogawa maharagwe. Na mama anayeteka maji upande wa chini wa mto, je, aliulizwa?

Tena, kompyuta haipimi kisichokuwa kwenye ramani. Kule Kibera, Nairobi, mwaka 2009 vijana wa mtaa wenyewe walitembea na vyombo vya kupimia mahali wakachora njia, vyoo, shule na zahanati, vitu ambavyo ramani za umma hazikuonyesha. Hata kwetu, kisima kisichochorwa ni kama hakipo.

Kwa hiyo mkutano wa mpango ukiitishwa, tusiende kusikiliza tu. Tuulize mambo matatu: Visima, njia na vibanda vyetu viko kwenye ramani? Nani aliamua uzito wa kila jambo? Uzito ukibadilishwa, jibu linabaki lile lile?

Mkinyimwa majibu, andikeni barua. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaruhusu ombi liandikwe kwa Kiswahili, na ofisi ya umma inatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Wakikaa kimya, mnaweza kulalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Hayati Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa 2015, alihimiza kwamba maoni ya wakazi yaingizwe katika upangaji wa miji. Tunaomba kila jumuiya ndogo ndogo ichore ramani yake kwenye karatasi kubwa: visima, mikondo ya maji ya mvua, njia za watoto kwenda shule, mahali pa akina mama mboga. Itunzeni, mwende nayo mkutanoni. Mtaalamu ana kompyuta, sawa, lakini anayejua maji yanapita wapi mvua ya masika ikipiga ni wewe unayeishi hapo.