"Congé technique" ni kusema nini?

Siku ile kampuni moja ilipotundika barua kwenye mlango wa kazi, sisi ba delege wa sendika tulipanda juu ya meza tukaisoma mbele ya watu: "mise en congé technique jusqu'à nouvel ordre". Kisha tukaongeza maneno yetu: tunafuata dosie, mambo iko juu, mutulie. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akauliza: "Papa delege, sema mu Kiswahili. Mwisho wa mwezi bwana yangu ataleta mushahara ao hapana?"

Hatukumjibu. Kiswahili hakikutukosa. Jibu lilikuwa "hapana", na tuliogopa litoke mu kinywa chetu. Kifaransa kilitupa mahali pa kujificha.

Hapa Katanga si jambo jipya. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka katika mpango ulioitwa "départs volontaires", yaani kuondoka kwa kupenda. Wengi walikuwa wamemaliza miezi mingi bila mushahara. Mtu asiye na bunga nyumbani, watoto wamefukuzwa masomo, anapenda nini? Wazee wakisimulia habari ile, hilo neno "volontaire" lingali linawauma.

Lakini tusidanganyane, Kiswahili nacho kinaweza kubeba uongo. Tulipata kumsikia shefu mmoja akisema bila hata neno moja la Kifaransa: "Sisi wote ni jamaa moja, hakuna atakayefukuzwa." Juma lililofuata liste ikatoka. (Yeye ndiye aliyeiandika.) Basi angalau huyo tulimshika, kila mtu alijua ni ahadi gani imevunjwa. "Jusqu'à nouvel ordre" utaishika wapi? Haikuahidi kitu.

Chukua article 40 ya Code du travail, sheria ya 16 Oktoba 2002. Miaka na miaka tuliisoma kwa mikutano vile ilivyoandikwa, watu wanapiga makofi, wanarudi nyumbani. Sasa tunasema hivi: wewe unayefanya kazi ya siku kwa siku, hesabu siku zako. Ukitimiza siku 22 za kazi ndani ya miezi miwili, na wakikuajiri tena mbele ya hiyo miezi miwili kwisha, sheria inahesabu kontra yako kuwa haina mwisho uliopangwa.

Tangu hapo vijana wanakuja na makaye yao, siku zimepigwa mistari kwa kalamu. Hapo ndipo tuliona jambo ambalo makofi yalikuwa yanatuficha: wenye siku 21 ni wengi mno. Siku ya 21 mtu anaambiwa apumuzike, ataitwa.

Wakatuuliza sendika itafanya nini kwa hao. Zamani tungesema tunafuata dosie. Safari hii tulisema: kwa mwenye 21, hiyo article 40 haitupi nguvu. Tutaenda kusemezana na kampuni, na hatujui kama tutashinda. Watu wawili walirudisha kadi zao za sendika palepale, mmoja akiwa amelipa mchango miaka mingi. Ilituuma sana.

Yule mama alikuwepo, mtoto sasa anatembea. Aliuliza mkutano mwingine ni lini. Ni siku ya posho, mahali palepale. Mulete makaye.