Mavazi ya Mpanda Pikipiki (2): Kizibao cha Hewa

Katika makala iliyotangulia tulisema kwa urefu juu ya helmeti, tukaonyesha kwamba kofia ile, ikiwa imefungwa sawasawa chini ya kidevu na haikutundikwa kwenye usukani, hupunguza hatari ya kufa kwa kadiri ya asilimia 42 na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69, kama walivyothibitisha wataalamu waliokusanya tafiti za nchi mbalimbali na kuzipima pamoja. Leo tunashuka kutoka kichwani hadi shingoni, kifuani na mgongoni, mahali ambapo helmeti haina mamlaka, na ambapo kwa muda mrefu mpanda pikipiki hakuwa na hifadhi yoyote ila shati lake na, kwa mwenye uwezo, koti zito alilolivaa kwa ajili ya baridi ya alfajiri.

Mtu akisimama Mwandiga, pale barabara itokayo Kigoma mjini inapogawanyika, mkono mmoja ukielekea Kasulu kwa njia ya Kidahwe na mwingine ukipanda milima kupitia Kalinzi hadi Manyovu, mpakani mwa Burundi, ataona katika saa moja kila namna ya matumizi ya pikipiki: bodaboda aliyempakia mama na mtoto katikati, mwingine aliyefunga madumu ya mawese nyuma yake kwa mipira, hata hana nafasi ya kujisogeza, mchuuzi wa dagaa aliyetoka Kibirizi kabla jua halijapanda, na miongoni mwao afisa ugani au mhudumu wa chanjo, mtumishi wa umma anayekwenda kijiji baada ya kijiji kwa pikipiki aliyopewa na mwajiri wake. Lami ilipofika Manyovu safari ilifupika, na mwendo nao ukaongezeka, ilhali kona ni zilezile, mbuzi ni walewale, na mvua za masika humwaga tope la kando juu ya lami hiyo laini. Mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ambao dereva wa hapa huuona kuwa wa upole, ni sawa na kupita karibu mita 14 kila sekunde moja. Naomba msomaji aishike hesabu hiyo, maana tutaihitaji mbele.

Aghalabu watu wakisikia habari ya mfuko wa hewa hukumbuka ule wa motokaa, unaofumuka kutoka usukani. Kampuni ya Honda ilitia mfuko kama huo katika pikipiki yake kubwa ya Gold Wing mwaka 2006, lakini fikra iliyoshinda ni ile ya kumvika mtu mwenyewe, kwa kuwa mpanda pikipiki, tofauti na mwenye gari, hutengana na chombo chake mara tu ajali inapoanza. Tamás Straub wa Hungaria alijipatia hataza ya vazi la namna hiyo mwaka 1976. Wajapani wa Hit-Air wakalitia sokoni mwishoni mwa miaka ya 1990. Wafaransa wa Helite, kampuni iliyoasisiwa mwaka 2002, wakafuata. Nao Waitaliano wa Dainese wakaleta lile linaloongozwa na umeme, ambalo lilifunguka mara ya kwanza mashindanoni huko Valencia mwaka 2007. Tangu 2018 washindani wa kudumu wa MotoGP hulazimika kuvaa vazi la namna hiyo.

Sasa tuyatazame matumbo ya kizibao chenyewe, kile cha kamba, kwa kuwa ndicho nitakachokipendekeza. Ndani ya kitambaa kigumu mna kibofu kilichokunjwa, kinachozunguka shingo, kikashuka mbele ya kifua na nyuma ya uti wa mgongo hadi kiunoni. Karibu na tumbo, upande mmoja, kimefungwa kichupa cha chuma chenye gesi ya kabonidioksidi iliyoshindiliwa, kisichozidi urefu wa kiganja. Mbele ya mdomo wa kichupa hicho ipo sindano inayosukumwa na springi, na springi imezuiwa na gololi moja tu, nayo gololi imeungwa na ugwe ambao ncha yake ya pili imefungwa kwenye pikipiki. Dereva akirushwa, ugwe hukazika. Ukivutwa kwa nguvu ya kadiri ya kilo 30, gololi hutoka mahali pake, springi hufyatuka, sindano hutoboa kichupa, na kibofu hujaa kwa muda wa takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde. Shingo hushikwa isipinde kupita kiasi, mbavu na uti wa mgongo hupata mto, na baada ya dakika chache gesi hupungua yenyewe, kizibao kikalegea.

Aina ya pili haina kamba. Ina vihisio vinavyopima mtikisiko na mlalo wa mwili mara nyingi katika kila sekunde, na kompyuta ndogo inayohukumu kama huku ni kuanguka au ni shimo la barabarani tu. Hii ni hodari zaidi, wala sitaificha sifa yake. Kwa kuwa haisubiri mtu atengane na pikipiki, huweza kufunguka hata anapogongwa kwa nyuma akiwa amesimama, na hujaa upesi kuliko ile ya kamba. Hapa ndipo inapotufaa hesabu ya mita 14. Dereva anayeingia uso kwa uso katika ubavu wa lori hupita karibu mita moja na nusu katika muda ule ule ambao kizibao cha kamba kinajaa, na muda huo hauanzi kuhesabiwa mpaka ugwe ukazike. Kwa hiyo katika ajali ya namna hiyo kifua chaweza kufika kwenye chuma kabla ya hewa. Anayeuza kizibao cha kamba bila kulisema hili amemficha mnunuzi jambo kubwa. Ajali ambazo kizibao hicho huziweza vizuri ni zile za kurushwa: gurudumu limeteleza kwenye tope, mbuzi amekatiza, gari limemchota ubavuni, na mtu anaruka hewani kisha anatua kwa bega au kwa mgongo.

Pamoja na upungufu huo, kwa mtu wa Mwandiga nachagua cha kamba, na sababu zangu ni za maisha ya hapa. Kile cha umeme sharti kichajiwe, programu yake ihuishwe, na baadhi yake mwenye nacho hulipa ada kila mwezi au kila mwaka ili kiendelee kufanya kazi. Tena vingi vikifunguka havirudi kazini mpaka vifikishwe kwa mtengenezaji au wakala wake, na hakuna wakala wa namna hiyo katika ufuko wote huu wa Ziwa Tanganyika. Cha kamba hurudishwa kazini na mwenyewe, barazani kwake, kwa kichupa kipya na ufunguo mdogo. Ila afuate utaratibu: kwanza airudishe gololi mahali pake na kuhakikisha springi imekamatwa, ndipo akaze kichupa; akitanguliza kichupa, sindano yaweza kukitoboa papo hapo na gharama yake ikapotea bure. Kila kichupa kimechongwa uzito wake kwa gramu. Apimaye mara moja moja kwa mizani ya sonara, akakuta kimepungua, ajue gesi imevuja na hicho si kichupa tena. Wala asidanganywe kutia kile cha kujazia tairi za baiskeli kwa kuwa mdomo wake umelingana. Kizibao kina kipimo chake cha gesi, na kikipata pungufu hakiwi kigumu inavyotakiwa.

Katika kuchagua, jambo la kwanza ni kuutazama utepe ulioshonwa ndani, ambao juu yake iwepo picha ya mpanda pikipiki na namba EN 1621-4, yaani kanuni ya Ulaya ya vizibao vya kamba. Kanuni hiyo inadai kwamba pigo likishuka juu ya kibofu kilichojaa, nguvu inayopenya hadi mwilini kwa wastani isizidi kilonewton 4.5 kwa daraja la kwanza, na 2.5 kwa daraja la pili. Ubao wa kawaida wa kulinda mgongo, ule wa sponji ngumu unaotiwa ndani ya makoti, umeruhusiwa kupitisha hadi 18 kwa daraja la kwanza na 9 kwa la pili. Tofauti ni kubwa mno, na ndiyo inayonifanya niyaandike haya. Kisicho na namba hiyo kisinunuliwe kwa bei yoyote, na kilichotoka katika marobota ya mitumba kiachwe, maana hakuna ajuaye kimeanguka mara ngapi wala kama kibofu chake ni kizima. Mwenye ndugu Muscat au Ulaya atakayemletea amkumbushe kwamba vichupa vya gesi havipandi ndege bila idhini ya shirika iliyoombwa mapema.

Kukivaa nako kuna adabu yake. Huvaliwa juu ya nguo zote, kikiwa kimefungwa vifungo vyote, kwa kuwa koti lililobana juu yake huizuia hewa isielekee nje, na badala ya kumlinda mtu likamkaba mbavu. Begi la mgongoni halivaliwi pamoja nacho. Madumu yaliyoegemea mgongo wa dereva nayo humnyima kibofu nafasi, basi anayechukua mawese ayarudishe nyuma japo upana wa kiganja. Ugwe hufungwa kwenye fremu mbele ya kiti, si kwenye keria, na urefu wake uwe wa kumruhusu dereva kusimama juu ya vikanyagio bila kuvutwa, wala usizidi hapo. Akishuka aufungue; akighafilika atahisi amezuiwa kabla gololi haijatoka, maana hatua ya kawaida haifiki kilo 30, lakini anayeruka chini kwa haraka hufyatua.

Hapo ndipo penye shida ya bodaboda. Yeye hupanda na kushuka mchana kutwa, akimpokea abiria, akimfungia mzigo, akitafuta chenji, na kila mara ni kufungua na kufunga. Tena abiria wake, aghalabu mama aliyeketi upande na kanga yake, hana kizibao chochote. Bei nayo ni dola mia nne hadi mia saba huko vinakotengenezwa, fedha inayokaribia nusu ya thamani ya pikipiki mpya. Kwa hiyo kijana wa kijiweni aliye na akiba ndogo simshauri aanzie hapa. Anunue helmeti mbili zilizo imara, yake na ya abiria, kisha buti zinazopanda juu ya kifundo, kwa sababu kizibao hakilindi mguu hata kidogo, na mguu ndio unaovunjika mara nyingi katika ajali hizi. Na aiache ile desturi ya mishikaki, yaani kupakia abiria zaidi ya mmoja, ambayo hakuna vazi duniani liwezalo kuitibu.

Lakini afisa ugani na mhudumu wa afya hali yao ni nyingine. Mwaka 2022 Serikali iligawa maelfu ya pikipiki kwa maafisa ugani nchini, na nyingine hutolewa na mashirika yanayofanya kazi katika mkoa wetu. Watumishi hawa hupanda asubuhi, wakashuka mara chache, huenda mwendo mrefu wakiwa peke yao katika milima ya Kalinzi na njia za vumbi, mbali na hospitali ya Maweni, na pikipiki wameipanda kwa amri ya kazi. Mwajiri aliyenunua chombo hawezi kusema kwamba fedha ya kumhifadhi mpandaji haikuwa sehemu ya bei yake. Basi nawaomba wakurugenzi wa halmashauri na wakuu wa mashirika, kila watakapoandika bajeti ya pikipiki moja, waandike chini yake helmeti mbili, jozi ya buti, na kizibao kimoja cha kamba chenye namba EN 1621-4 pamoja na vichupa viwili vya akiba.