Taslimu: Neno Dogo, Amana Kubwa



Hivi karibuni alitujia mama mmoja mshonaji, mjane mwenye watoto watatu, na hundi mkononi. Alikuwa ameshona sare za wanafunzi, na aliyempa kazi akamlipa kwa hundi ya shilingi 40,000 yenye tarehe ya miezi miwili mbele. Karo ya mwanawe ilidaiwa wiki hiyo hiyo. Jirani mfanyabiashara akamwambia, "Nipe hundi yako, nami nikupe 36,000 taslimu sasa hivi." Mama akatuuliza, "Sheikh, huku ni kuuza au ni kukopa?"

Kabla ya kumjibu, tulilitazama kwanza hilo neno taslimu, kwani jibu limo ndani yake.

Taslimu ni neno la Kiarabu, lenye asili moja na salamu na kusalimisha. Maana yake ni kukabidhi kitu kikamfikia mwenyewe salama. Salamu inayofunga sala huitwa taslimu. Nanyi akina mama mmelisikia katika nikaha, pale mahari yanapotajwa kuwa ni ya taslimu au ni ya deni. Basi fedha taslimu ni zile zilizokwisha kutoka mkononi mwa mlipaji zikawa zako, pasi na ahadi yoyote iliyosalia kati yenu.

Hundi sivyo ilivyo. Neno hili tulilipata kwa wafanyabiashara wa Bara Hindi, na maana yake ni karatasi ya kuamuru fulani alipwe. Karatasi hiyo ni ushahidi wa haki yako. Haki yenyewe bado iko kwa mwingine. Kuigeuza kuwa taslimu kuna njia zake, na ni vyema kila nyumba izijue.

Hundi iliyochorwa mistari miwili hailipwi dirishani; sharti iingie kwanza katika akaunti. Isiyochorwa, mwenye jina lake huipeleka katika benki iliyoandikwa, pamoja na kitambulisho, akalipwa papo hapo. Ama hundi yenye tarehe ya mbele, ni ahadi ya siku hiyo, na kabla yake haidaiwi. Wengi wa mama zetu hupoteza nauli na siku nzima kwa kutoyajua haya.

Kisha kuna simu. Tangu M-Pesa ilipoanza hapa Kenya mwaka 2007, neno kutoa limepata maana mpya. Mama humwambia mwanawe, "Nenda kanitolee elfu mbili," na kila mtu akaelewa. Wapo wanaotuuliza kama ada ya kutoa ni riba. Twaona kuwa si riba, bali ni ujira wa huduma iliyofanywa. Baraza la Kimataifa la Fiqhi, lilipokutana Jeddah mwaka 1990, lilikubali kuwa fedha zikiingizwa katika akaunti ya mtu benki, kihukumu amekwisha kuzipokea. Kwa kipimo hicho, fedha zilizoingia katika simu yako ni zako tayari. Wakala anakubadilishia umbo tu.

Lakini jirani wa yule mama hakuwa wakala. Yeye alitaka kutoa 36,000 leo apokee 40,000 baada ya miezi miwili. Hizo 4,000 ni malipo ya kazi gani? Ni bei ya kungoja, nayo ndiyo riba. Baraza hilo hilo, mwaka 1992, lilitamka wazi kuwa kuuza hundi na hati za deni kwa thamani pungufu hakufai kisharia. Hivyo tulimjibu: jina lake ni kuuza, lakini hakika yake ni mkopo wa riba.

Hatukumwacha na katazo tu, maana katazo halilipi karo. Tulimweleza kuwa mlango uliokatazwa ni wa mtu wa tatu. Mdai na mdaiwa wenyewe wanaweza kusikilizana, deni likalipwa mapema na mdai akasamehe sehemu, maadamu hawakuliwekea sharti hilo tangu mwanzo. Na jirani akitaka heri, amkopeshe 36,000 arudishiwe 36,000.

Mama akarudi kwa aliyemwandikia hundi. Hakuwa na zote. Alimpa 15,000 taslimu, akaichukua ile hundi ya kwanza na kumwandikia nyingine ya 25,000. Karo ikalipwa kwa sehemu, na mtoto akaachwa darasani. Haikuwa faraja kamili, lakini mama hakupoteza hata shilingi ya jasho lake.

Tunalobaki nalo linatuhusu sisi tunaolipa. Mtume wetu (S.A.W.) amelihesabu kuwa ni dhuluma tendo la mwenye uwezo kuchelewesha deni. Mshonaji, mpishi wa harusi na kijakazi wa nyumbani hawawezi kula tarehe ya mbele. Ukiwa nazo, mpe leo, mkononi mwake. Ukiwa huna, mwambie kabla hajashika kazi, na mwandikiane, kama Suratul Baqara inavyotuamrisha katika deni la muda.

Mwenyezi Mungu atujaalie riziki ya halali, na atuwezeshe kufikisha haki za watu zikiwa salama. Wabillahi tawfiq.