Kunyoosha Mgongo Uliokwisha Kukomaa

Samaki mkunje angali mbichi. Wakazi wa Liuli na Mbamba Bay, kando ya Ziwa Nyasa, hawahitaji kufafanuliwa methali hiyo: samaki mkavu akikunjwa kwa nguvu huvunjika. Je, mtu mzima mwenye kibiongo kikubwa hana tena tumaini?

Uti wa mgongo ni safu ya pingili zilizofungwa kwa kano. Kupinda kwake hupimwa kwa nyuzi, kwa njia iliyoelezwa na daktari wa Marekani, John Cobb, mwaka 1948. Mgongo uliopinda zaidi ya nyuzi 100 huweza kubana mapafu hata mgonjwa akatweta njiani, sembuse kuipanda milima ya Umatengo. Tena kwa mtu mzima kano zimekakamaa. Zikinyooshwa kwa ghafla, ugwe wa mishipa ya fahamu uliomo ndani ya pingili huvutika, damu yake hupungua, na mgonjwa aweza kupooza.

Dawa yake ni subira. Mwaka 1959 Perry na Nickel, huko California, walieleza pete ya chuma inayoshikizwa kwenye fuvu kwa skrubu, kwa ajili ya wagonjwa wa polio waliolegea shingo. Leo pete hiyo hufungwa kamba ipitayo juu ya kapi, nayo kamba huning'inizwa mawe ya mizani. Pete huvuta kichwa juu. Uzito wa mwili huvuta chini. Mzigo huongezwa kidogo kidogo kwa majuma kadhaa, pengine hadi theluthi au nusu ya uzito wa mgonjwa: kwa mtu wa kilo 60, kilo 20 hadi 30. Nguvu za viungo vyake hukaguliwa kila siku. Ganzi ikitokea, mzigo hupunguzwa. Ndipo mpasuaji huukaza mgongo kwa fito za chuma. Hospitali ya FOCOS nchini Ghana, iliyofunguliwa mwaka 2012, hutumia njia hii.

Lakini pingili zilizokwisha kuungana, kama baada ya kifua kikuu cha mgongo, hazivutiki; sharti mfupa wenyewe ukatwe, na hatari huzidi. Tangu mwaka 1977 Tanzania ina mpango wa taifa wa kupambana na kifua kikuu, na dawa zake hutolewa bure.

Mwalimu, mwambie mwanafunzi ainame, mikono ikining'inia. Upande mmoja wa mgongo ukiinuka kuliko wa pili, apelekwe hospitali, iwe Litembo au Liuli, angali mbichi.